Asali Katika Pipa la Padri Fulkrani

Mzee Shabani alizikwa Jumanne baada ya sala ya adhuhuri, na mimi nilifika Chemchem, mtaani kwake Tabora, wakati wanaume wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta vumbi kwenye kanzu zao. Basi la kutoka Igunga lilikuwa limepata pancha mara mbili njiani, kwa hiyo sikuwahi kitu. Nilijitanda kanga, nikaingia ndani kwa wanawake, nikakaa mkekani katikati ya watu wasionijua. Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mchele alimwambia mwenzake kwamba marehemu alikuwa fundi seremala wa ajabu: miaka na miaka alitengeneza mapipa ya divai ya mapadri, na tone moja halikupita mdomoni mwake. "Hata kunusa alikuwa hanusi," akajibu mwenzake, na wote wakaitikia. Mimi nilitazama ungo. Kunusa alikuwa ananusa, tena sana. Pua yake ndiyo iliyonikamata mwaka ule, na sasa yeye ameondoka, nimebaki peke yangu na jambo tulilolijua watu watatu. Nimestaafu ualimu, magoti yananisumbua, na sijawahi kuliandika popote. Naliandika sasa, na kama kuna mahali nitajipendelea, hayupo tena wa kunisahihisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule. Paroko wa kwetu Tura alinipa barua nikaenda nayo misheni moja nje kidogo ya mji wa Tabora, kwa padri mzee Mfaransa aliyekuwa anahitaji mtu wa kumsomea na kumwandikia. Padri Fulkrani alikuwa amekaa Unyamwezi muda mrefu kuliko umri wa wazazi wangu. Alisalimia watu "Mwangaluka" kila asubuhi, akiikwaruza ile "r" yake hata pale isipokuwepo, na macho yake yalikuwa yanafifia kiasi kwamba alinitambua kwa mlio wa kandambili zangu. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha chuma, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, na ukutani, mahali ambapo mapadri wengine huweka picha ya Papa, alikuwa ametundika mzizi mkavu wa mzabibu uliojikunja. Picha ya Papa ilikuwa nyuma ya mlango. Siku ya kwanza nilidhani ule mzizi ni dawa ya kienyeji, nikamwogopa kidogo.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Asubuhi tulikwenda kwenye mizabibu, mistari tisa nyuma ya ghala, ambako yeye aligusa na mimi nilitazama. "Jani lina madoa?" "Lina madoa, Padri." "Rangi gani?" Kisha, jua likishakuwa kali, tulirudi chumbani na nikaandika kitabu chake. Kilikuwa historia ya divai ya kwao, Langedoki, kusini ya Ufaransa, na alitaka kiandikwe kwa Kiswahili. Nilimuuliza nani wa Tabora atasoma habari hizo. "Yule atakayelima mizabibu hii baada yangu," alisema. "Lazima ajue imetoka kwa watu gani na wamepata taabu gani." Hakukuwa na mtu yeyote aliyesubiri kulima mizabibu ile baada yake. Mimi nilijua, mpishi alijua, na nadhani hata yeye alijua, lakini aliniamuru niandike kwa mwandiko mkubwa, yule mtu asije akapata shida ya kusoma.

Basi niliandika. Niliandika kwamba mizabibu ilifika pwani ya kwao kwa mikono ya Wayunani, kisha Warumi wakajenga barabara ndefu toka Italia hadi Hispania, na kando ya barabara hiyo wakapanda mizabibu, na divai ikasafiri ndani ya mitungi ya udongo pamoja na askari na wafanyabiashara. Mzee Shabani alikuwa barazani siku hiyo akipiga randa ubao wa pipa, dirisha liko wazi. Wakati huo alikuwa mtu wa makamo tu, lakini kila mtu alimwita mzee kwa sababu ya ukali wake. "Padri," aliita, "hata hapa kwetu ilipita barabara ya namna hiyo. Babu yangu alitembea toka hapa mpaka Bagamoyo na pembe ya ndovu begani." Padri akamuuliza wakati wa kurudi walibeba kinywaji gani. "Kinywaji? Tulirudi na vitambaa na shanga. Na wengine hawakurudi, waliuzwa." Padri akaniambia niandike na hilo. Nilimwambia hilo si la Langedoki. "Andika," alisema. Kwa hiyo katika kile kitabu, kati ya Warumi na watawa walioirithi mizabibu yao, kuna babu yake Mzee Shabani.

Chakula cha mchana tulikula pamoja, jambo ambalo mpishi hakulipenda kwa sababu mimi nilikuwa karani tu. Ugali, uyoga wa porini uliotiwa karanga, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, ambavyo Padri alivitafuna kwa uvumilivu mkubwa. Supu ndiyo aliyoipenda. Akibakiza kidogo mwishoni, alimimina divai humo humo, akatikisa bakuli na kulinyanyua mdomoni kwa mikono miwili. Alisema baba yake na wakulima wote wa kwao walifanya hivyo, na kwamba katika seminari walimchapa kwa sababu yake. Mpishi aliniambia jikoni, "Mzungu huyu kalelewa wapi?" Mimi nilimtetea. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa namtetea kwa kila mtu na kwa kila jambo, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia.

Mwezi wa pili huo Mkuu wa shirika lake alikuja kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa kwenye ukumbi mwembamba kati ya jiko na chumba cha kulia, nimeshika sinia la chai, nikasikia sauti ya mgeni, sauti nzuri ya mtu anayejali. Alisema macho ya Padri hayamruhusu tena kusimamia kitu. Alisema kule kwao kuna nyumba ya mapadri wazee, yenye masista wauguzi. Padri akajibu kwamba kwao ni hapa, na kwamba ameshachagua mahali pa kuzikwa, mwisho wa mstari wa tisa. Chai ikaanza kupoa mkononi mwangu. "Mwaka huu mmoja tu, Fulkrani," alisema Mkuu. "Ukitoa divai safi ya kutosha parokia za huku, nitaamini bado unaweza, utabaki. Isipotoka, utarudi Ufaransa." Niliingia na sinia nikijifanya sikusikia. Padri aligeuza uso kuelekea kandambili zangu na kusema, "Karibu, Leokadia," kama kawaida.

Mwaka ule mvua ilinyesha hadi ikachosha. Mwezi wa tatu, wakati wa kuchuma, zabibu zilikuwa zimejaa maji, ngozi zimepasuka, nyingine zimeota ukungu. Tulizichambua mimi na yeye kwa siku mbili, yeye kwa vidole na mimi kwa macho, tukazikamua, na alipoonja ile juisi alitema pembeni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Haina utamu," alisema. "Bila utamu haichachuki vizuri. Hii itakuwa siki." Hakulalamika zaidi. Aliniomba nimshike mkono hadi chumbani, akalala, saa nane mchana, mtu ambaye hakuwahi kulala mchana. Mimi nilirudi ghalani, nikalisikiliza pipa tulimotia ile juisi. Lilikuwa linachemka kwa uvivu, povu kidogo, kama mtu mgonjwa anayejitahidi kuongea.

Sasa niseme kitu ambacho mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa. Kwetu, kinywaji kikiwa chepesi kinatiwa asali. Wanzuki wenyewe ni asali na maji. Mama yeyote wa Tura anajua kipimo kwa jicho. Jikoni kulikuwa na debe la asali ya miombo, zawadi ya Wakristo wa vijijini kwa ajili ya Pasaka. Sikuiba, nilijiambia, maana ni ya misheni na inabaki misheni. Mpishi alikuwa amekwenda sokoni. Nilipasha sehemu ya juisi sufuriani, nikayeyusha asali humo, nikaimimina katika pipa, nikarudia hadi debe likaisha, kisha nikakoroga kwa mti wa kukorogea. Ilikuwa mchana kweupe, ndege wanaimba. Nilipomaliza niliona fahari. Mpishi aliporudi nilimwambia debe limeingiwa na siafu, nikalimwaga.

Pipa likachemka kama lililofufuka. Padri aliweka sikio pale, uso wake ukafunguka, akasema amewahi kusikia habari za zabibu mbaya zilizojitengeneza zenyewe. Ilipofika kiangazi, alitoboa na kuonja. Nilisimama pembeni nikijipongeza kimoyomoyo. Alinywa, akatulia, akanywa tena, na machozi yakatoka katika yale macho yasiyoona. "Hii ina jua," alisema. "Sijui limetoka wapi, lakini ina jua la kwetu." Akamwandikia Mkuu kwa mkono wangu kwamba divai ni njema, na lori la misheni lije Jumamosi fulani kuibeba, kwenda hadi Tura upande mmoja na Igunga upande wa pili. Niliandika barua hiyo kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Wiki iliyofuata tukaendelea na kitabu. Tulikuwa tumefika karne ya kumi na tisa: reli imefika Langedoki, divai inakwenda Paris kwa mabehewa, watu wanang'oa mizeituni na ngano ili wapande mizabibu tu. Kisha anakuja mdudu kutoka Marekani, mdogo kuliko chawa, anakula mizizi, na mashamba yanakauka wilaya baada ya wilaya mpaka walipojifunza kuunganisha mzabibu wa kwao juu ya shina la Kimarekani. Ule mzizi wa ukutani ulikuwa wa shamba la babu yake, mmoja wa ile iliyokufa. Yote hayo niliyaandika bila shida. Kisha akasema, "Sasa andika kilichotuua baada ya mdudu." Akaniambia habari za divai ya uongo. Wakati mashamba yamekufa, wafanyabiashara walijifunza kutengeneza divai kwa maji, zabibu kavu na sukari. Na mashamba yalipopona, divai ya uongo haikuondoka. Divai ya kweli ikakosa mnunuzi. Watu wa kusini wakajaa barabarani kwa maelfu na maelfu, wake na watoto, wakidai sukari ikomeshwe. Serikali ikaleta askari, na watu wakapigwa risasi. Babu yake alikuwa katika maandamano hayo, akarudi nyumbani bila kaka yake. "Nyumbani kwetu," alisema Padri, "sukari haikukaa meza moja na divai. Mama aliifungia kabatini. Unaandika?" Nilikuwa siandiki. Nilisema, "Naandika, Padri," na alisubiri kusikia kalamu, nami nikaikwaruza juu ya karatasi tupu ili asikie.

Siku hizi najiuliza kwa nini niliogopa kiasi kile. Juzi juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu yake wakulima wa huko huko Langedoki wakiing'oa mizabibu yao kwa matrekta, serikali inawalipa fidia waiondoe, kwa sababu wanywaji wamepungua. Divai tamu imejaa madukani hapa kwetu, na hakuna anayeandamana. Lakini wakati ule nilijua mambo mawili tu. Divai ya misa ni ya zabibu tupu. Ikitiwa kitu kingine, yule padri anayeinua kikombe ameinua kinywaji tu, na misa si misa. Na divai hii ikiharibika, Padri Fulkrani anaondoka. Nilizunguka na mambo hayo mawili siku nzima, na kila upande niliogeukia nilikuta mimi ndiye niliyefunga mlango.

Ijumaa Mzee Shabani alikuja kukagua pipa kabla ya safari. Aliligonga, akazunguka, akainama karibu na kizibo, kile kigingi cha mbao kinachoziba tundu la chini. Akavuta pumzi. Akanitazama. "Binti," alisema polepole, "pipa hili nimelitengeneza kwa mikono yangu. Mbona linanuka mzinga?" Akaendelea, "Mimi hayo mambo yenu siyajui, na sitaki kuyajua. Ila yule mzee anakuamini wewe kama macho yake. Nenda kamwambie." Nilimwambia nitakwenda. "Leo," alisema. Nikamwambia kesho.

Na kesho yake nilifanya kosa ambalo Mwislamu huyu asingelifanya, wala mtu asiyeamini asingelifanya. Ilikuwa Jumamosi, siku ya maungamo. Badala ya kumwendea chumbani, nilipanga foleni pamoja na akina mama, nikapiga magoti kwenye kiti cha kitubio, nyuma ya wavu, ili nisimtazame usoni. Kama vile yeye angeniona! "Nilitia asali katika pipa," nilisema. "Kiasi gani?" "Debe moja." "Kwa nini?" "Ili ubaki." Nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka. Akaniondolea dhambi, kwa sauti iliyokauka, kisha akasema: "Mwanangu, sikiliza vizuri. Nililolisikia humu, nikitoka silijui. Siwezi kumzuia dereva. Siwezi kumwandikia Mkuu. Siwezi hata kukuuliza wewe. Njoo uniambie nje ya hapa, popote, kabla ya lori. Umeelewa?" Nilisema nimeelewa. Niliinuka nimetubu kabisa na mwepesi, na nilipofika mlangoni nikagundua kwamba nilikuwa nimemfunga mikono.

Lori lilikuwa lije Jumamosi iliyofuata. Siku sita, kuanzia hiyo Jumamosi, tulikaa meza moja. Hakuniuliza kitu. Alifanya tu mambo ambayo hakuwahi kuyafanya: alimtuma mpishi mbali wakati wa chakula, alisema leo tusiandike, tukae tu, alitembea nami hadi mwisho wa mstari wa tisa na kusimama pale, mkono wake begani mwangu, muda mrefu, akingoja. Misa za asubuhi alisoma kwa chupa mbili zilizobaki za mwaka uliotangulia. Jumapili nilisema nitamwambia Jumatatu. Jumatatu alikuwa anakohoa, nikamhurumia. Jumanne nilijiambia Mungu hawezi kuikasirikia asali, nyuki ni wake. Jumatano nilimchukia kwa kuningoja. Alhamisi alivunja bakuli la supu, akasema, "Ni mikono hii, Leokadia, haina kazi," nami niliokota vipande na kusema pole, Padri. Neno moja lilikuwa linatosha, na mimi, niliyekuwa na maneno ya kumjibu mpishi saa yoyote, sikulipata. Nimewafundisha watoto kusema ukweli kwa miaka zaidi ya thelathini, na kila nilipofundisha, nilimwona mzee yule akisimama kwenye mizabibu.

Ijumaa asubuhi ghala lilikuwa limelowa hadi mlangoni. Pipa lilikuwa tupu. Padri alikuwa amesimama pale viatu vimejaa divai, akimwambia mpishi kwamba amejikwaa gizani mwake na kukigonga kizibo kikatoka. Mzee Shabani aliitwa. Kizibo alikikuta juu ya rafu, kimekaa wima, kikavu. Alikitazama, akanitazama mimi, akakitia mfukoni, kisha akamwambia kila mtu kwamba mbao zilikuwa zimesinyaa kwa kiangazi. Je, Padri alikitoa kwa makusudi? Na kama alikitoa, je, alivunja siri ya kitubio aliyoapa kutoivunja, au alipata njia nyembamba ya kupita? Sijui. Nimewauliza mapadri wawili, kwa mafumbo, wakanipa majibu mawili. Mkuu alijibu kwa simu ya upepo siku hiyo hiyo: mtu asiyeona pipa hawezi kuachiwa pipa. Padri afunge virago.

Walimpakia kwenye gari moshi la kwenda Dar es Salaam baada ya wiki mbili, pamoja na padri kijana wa kumsindikiza. Vitu vyake vilikuwa sanduku moja. Kitabu aliniachia mimi, kimeishia kwenye karatasi tupu yenye mikwaruzo. Stesheni ilijaa watu na magunia, gari lilikuwa limechelewa kufika na sasa lilitaka kuondoka kabla watu hawajapanda vizuri. Alikuwa ameshakaa dirishani. Nilisimama chini yake, nikashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Padri," nilisema, "nataka kukuambia jambo." Aliinama haraka sana, akauliza, "Hapa? Hapa nje?" "Hapa nje. Nilitia asali katika pipa."

Alishtuka kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. "Kiasi gani?" "Debe moja." "Kwa nini?" "Ili ubaki." Aliyauliza kwa mpangilio ule ule, neno kwa neno, hakuruka hata moja, kisha akatoa mkono dirishani, akautafuta uso wangu mpaka akaupata. Filimbi ilipigwa. Nilimwomba anigombeze. Gari likajivuta, nikaanza kutembea nalo, kisha kukimbia, na alikuwa anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mezani, nami nilisikia kila neno.

"Siku yoyote kati ya zile sita, Leokadia. Tungeinywa sisi kwenye supu, ningemwandikia Mkuu ukweli, anisubiri mwaka mmoja zaidi. Mimi na yeye tulilala vitanda jirani seminarini. Asingeninyima."